Tumejifunza kubandika, sasa tujifunze kubandua: picha za Masisi na Walikale mbele ya kitivo cha lugha

Kiswahili kina familia ya vitenzi ambayo kila mwanafunzi wa mofolojia huikuta mapema: funika na funua, tandika na tandua, anika na anua, bandika na bandua. Kitenzi cha kwanza huweka kitu juu ya kingine, cha pili hukiondoa. Lugha yetu haikuridhika na nusu ya kazi. Anayeanika mahindi nje asubuhi lazima ajue kuyaanua kabla mvua haijashuka, la sivyo kazi yake yote itaoza.

Kwenye simu zetu nusu moja imeachwa. Ukiweka simu katika Kiswahili, menyu inakupa maneno matatu: kata, nakili, bandika. Kitufe cha kubandua hakuna. Na hivyo ndivyo tunavyoishi na picha za vita vya Masisi na Walikale: kila siku tunapokea zilizobandikwa, tunazisambaza, na mara chache sana tunakaa kuuliza kipi kiliwekwa juu ya kipi, na nani aliyekiweka.

Hoja ninayotaka kuitetea mbele ya wenzangu na walimu wetu ni hii: katika picha hizo, tabaka linalopotosha mara nyingi zaidi ni lile la maneno, hata pale ambapo rangi za picha hazikuguswa. Kwa kuwa ni la maneno, kulibandua ni kazi yetu sisi wa kitivo cha lugha. Tukiwaachia watu wa kompyuta peke yao, tutakuwa tumekimbia shamba letu wenyewe.

Kiraka kinachoelea

Tuanze na namna picha inavyounganishwa, maana mantiki yake itatusaidia mbele. Mhariri wa picha huzungushia mstari sehemu anayoitaka, tuseme mtu aliyesimama au lori. Sehemu hiyo tuiite uteuzi. Huinakili, kisha huibandika kwenye picha nyingine. Katika GIMP, programu ya bure iliyotolewa kwa umma mwaka 1996, kwa miaka mingi kiraka kilichobandikwa kilikuwa hakishiki papo hapo. Kilielea juu ya picha, na mhariri hakuweza kushughulikia sehemu nyingine mpaka achague moja kati ya mawili: kukitia nanga kwenye tabaka lililo chini yake, au kukipa tabaka lake chenyewe. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, limebadili desturi hiyo, na sasa kinachobandikwa huwa tabaka jipya moja kwa moja. Photoshop nayo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, ilipata matabaka mwaka 1994 katika toleo lake la tatu.

Tofauti ya njia hizo mbili ni kubwa. Ukikitia nanga, kiraka humezwa na picha, na rangi zilizokuwa chini yake zimekwenda. Ukikipa tabaka, kila kitu hubaki mahali pake, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Unaweza kulisogeza tabaka, kulififisha, kulificha kwa muda au kulifuta, bila kugusa yaliyo chini.

Kazi ikiisha, mhariri makini huwa na faili mbili. Moja ni ya kazi, yenye matabaka yote, kwa mfano XCF ya GIMP au PSD ya Photoshop. Nyingine ni ya kupeleka, mara nyingi JPEG, ambayo ndani yake matabaka yote yamebanwa kuwa moja. Sisi tunaopokea hupokea hiyo ya pili. Ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida, hubanwa tena, na taarifa ambazo kamera iliziandika ndani yake, yaani siku, saa na wakati mwingine mahali, huondolewa. Ndiyo maana anayetaka kuchunguza picha humwomba mwenye nayo aitume kama hati: kwa njia hiyo faili hufika kama lilivyo.

Ujanja wenyewe ni mkongwe kuliko kompyuta. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri ya Stalin, alifutwa katika picha aliyopigwa akiwa kando ya bosi wake kwenye mfereji wa Moscow, baada ya yeye mwenyewe kuangushwa. Februari 1982, kabla Photoshop haijazaliwa, jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zikaribiane ili zienee kwenye jalada lake la wima. Kilichobadilika leo ni kwamba kazi iliyohitaji chumba cha giza na fundi hodari inafanyika kwenye simu, kando ya barabara ya Sake.

Tabaka au kalke?

Sisi wa lugha hatuwezi kupita hapa bila kusimama kwenye msamiati. Kiingereza huita tabaka la picha kwa neno lilelile la tabaka la rangi au la udongo. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya programu nyingi zinazotumika katika studio za Kongo, kimechagua calque. Asili yake ni karatasi ya kunakilia, ile nyembamba inayoonyesha kilicho chini, ambayo wachora ramani huilaza juu ya mchoro na kuufuatisha kwa kalamu.

Mwanaisimu akilisikia neno hilo hutabasamu, kwa sababu analijua kwa maana nyingine. Katika isimu, calque ni neno la kigeni lililotafsiriwa kipande kwa kipande na kuingizwa katika lugha pokezi. Wahariri wa picha na wanaisimu wamechota kwenye karatasi moja. Wote wanazungumzia umbo lililofuatishwa juu ya jingine, linalofanana nalo, lakini si lilelile.

Je, Kiswahili kiseme nini? Tungeweza kusema safu, lakini safu hupangwa kwa upande, kama safu ya milima. Tabaka hulala juu ya jingine, na tayari tunasema matabaka ya miamba na matabaka ya hewa. Wapo watakaolalamika kwamba tabaka limekwisha kushikwa na wanasosholojia, kwamba mtu akisikia tabaka la chini atafikiria wakulima na wachimba koltani wa Rubaya kabla ya kufikiria picha. Sioni kama hilo ni kasoro. Muktadha hutofautisha. Kwa hiyo katika maandishi naunga mkono tabaka, na kwa kile kiraka kisichoshika bado napendekeza kiraka kinachoelea, kwa sababu kitenzi kutia nanga kinaeleweka Ziwa Kivu kama kinavyoeleweka Mombasa. Lakini kijana wa studio anayesema kalke kwa sababu ndivyo skrini yake inavyosema hana kosa lolote, na kamusi yoyote tutakayoitunga bila kumsikiliza itabaki kwenye rafu.

Msamiati huu si wa pambo. Mtu asiye na neno la kutaja tabaka huiona picha kuwa kitu kimoja. Ukimwambia picha ni ya uongo, atakujibu kwamba haiwezekani, maiti anaziona kwa macho yake. Ukiweza kumwambia kwamba tabaka la chini ni la kweli na tabaka la juu ni la uongo, mazungumzo yanaanza.

Picha haikuguswa, maneno yaliguswa

Mfano mzito tunao hapa karibu. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka na kulipuka Sange, katika Kivu Kusini, kwenye barabara ya kwenda Uvira. Waliokufa walizidi 200. Picha za miili iliyoungua zilipigwa, na zilikuwa za kweli. Miaka iliyofuata, picha hizohizo zilizunguka mitandaoni zikidaiwa kuonyesha Wakristo waliochomwa moto na Waislamu nchini Nigeria. Hakuna aliyegusa rangi hata moja. Hakuna kiraka kilichohamishwa. Kilichobandikwa ni sentensi.

Angalia hasara yake. Watu wa Nigeria walichochewa kuchukiana kwa ajali ambayo haikuwa yao. Na wafu wa Sange walinyang'anywa kifo chao: kijiji chao kilifutwa, lori likafutwa, barabara mbovu ikafutwa, wakageuzwa kuwa ushahidi wa ugomvi wa watu wengine. Chombo cha kuchunguza rangi kingeipitisha picha ile kuwa safi. Aliyehitajika ni msomaji wa maneno.

Sasa tuje kwetu. Mji wa Masisi ulichukuliwa na M23 mwanzoni mwa Januari 2025. Goma ilifuata mwishoni mwa mwezi huo. Machi, wapiganaji hao waliingia Walikale-centre, na mwanzoni mwa Aprili wakaondoka. Katika miezi hiyo simu ilikuwa redio, gazeti na ramani kwa pamoja. Familia zilizokuwa kambini kandokando ya Goma, kisha zikatakiwa kuondoka mwezi Februari, zililazimika kuamua kama zirudi kijijini au la, na mara nyingi zilichokuwa nacho mkononi ni picha iliyotumwa na mtu aliyeipata kwa mtu mwingine. Sentensi moja chini ya picha ya nyumba zinazowaka huweza kumrudisha mama porini na watoto wake, au kumpeleka penye moto wenyewe. Huweza pia kumfanya kijana ashike panga dhidi ya jirani. Hilo ndilo lililo mezani, na halihitaji kutiwa chumvi.

Kiambishi kinachoelea

Chukua sentensi ya kawaida inayosindikiza picha hizo: Wameua tena Masisi. Maneno matatu. Mwalimu wa sintaksia angeichambua kwa dakika moja. Sisi tuichambue kwa utulivu zaidi, maana kila kipande kina mtego.

Kwanza, wa-. Kiswahili huruhusu kiambishi cha nafsi kisimame bila nomino, na katika Kiswahili cha Kongo ba- hufanya kazi hiyohiyo. Ni akina nani? Mwandishi hakusema. Kiambishi kinaelea juu ya sentensi kama kile kiraka cha GIMP, kikisubiri kutiwa nanga, na anayekitia nanga ni msomaji. Kila mmoja atakishusha juu ya yule anayemwogopa: huyu kwa M23, yule kwa Wazalendo, mwingine kwa FDLR, na mbaya kuliko yote, kwa kabila zima. Sentensi moja, ikisambazwa kwenye makundi matano, imetoa mashtaka matano, na aliyeiandika anaweza kuapa kwamba hakumtaja mtu.

Pili, tena. Neno dogo linalodai historia. Linamwambia msomaji kwamba tukio hili ni la mfululizo na kwamba mfululizo huo anaujua. Akikubali tena, amekwisha kukubali yote yaliyotangulia bila kuyaona.

Tatu, Masisi. Jina hili hutaja mji na hutaja pia territoire nzima, kuanzia malisho ya Bashali hadi Katoyi. Walikale ni vivyo hivyo: kuna Walikale-centre, na kuna territoire yenye kilomita za mraba zaidi ya 23,000, isiyopungukiwa sana na ukubwa wa Rwanda nzima. Mtu aliyesoma Machi 2025 kwamba Walikale imechukuliwa alikuwa na haki ya kuuliza: ipi? Kwa mkulima aliye mbali na mji, siku nzima za mguu kupitia msitu, jibu la swali hilo lilikuwa ndiyo tofauti ya kukimbia na kubaki.

Hapa hakuna fundi wa kompyuta atakayetusaidia. Utata wa nafsi, dhana tangulizi na majina yenye maana mbili tunayafundishwa katika kitivo hiki, tunafanyiwa mtihani, kisha tunatoka nje ya lango na kusambaza Wameua tena Masisi.

Namna ya kubandua

Picha inayofika kwenye simu ina matabaka yasiyopungua matano, na kila moja lina maswali yake.

La chini kabisa ni mandhari. Milima ya Masisi iliyokatwa miti, yenye majani na ng'ombe, haifanani na msitu mzito unaofunika sehemu kubwa ya Walikale. Picha ya malisho mapana yenye maelezo ya Walikale si lazima iwe ya uongo, lakini inadai swali.

Juu yake kuna maandishi yaliyomo ndani ya picha: kibao cha shule, jina la duka, namba ya gari, maneno ya fulana. Kongo shule huandika jina lake kwa Kifaransa. Kibao cha Kiingereza katika picha inayodaiwa kuwa ya Nyabiondo ni shahidi asiyelipwa na mtu.

Kama ni video, tabaka la tatu ni sauti. Anayesema batu na batoto hakukulia Dodoma. Tunajua kusikiliza matamshi, tunajua lafudhi, na ustadi huo ni adimu kuliko tunavyodhani.

La nne ni maelezo yaliyoandikwa na aliyeisambaza mara ya kwanza. La tano ni tafsiri, kwa sababu picha za Masisi hutoka kwenye Kihunde au Kinyarwanda kwenda Kiswahili, kisha Kifaransa, kisha Kiingereza, halafu zinarudi kwetu kwa Kiswahili cha Nairobi. Kila kituo huongeza kitu. Inasemekana huondoka, inathibitishwa huingia. Watu hugeuka raia, raia hugeuka waasi. Mwanafunzi wa tafsiri anapaswa kuiona njia hiyo kama mwindaji anavyoona nyayo.

Lakini kuhusu sauti, tahadhari moja lazima iandikwe kwa herufi nzito. Kusikia Kinyarwanda katika video ya Masisi hakusemi msemaji ni nani wala yuko upande gani. Masisi Kinyarwanda ni lugha ya raia wa Kongo, Wahutu na Watutsi, wanaoishi pamoja na Wahunde. Baadhi ya koo zilifika zama za ukoloni, Wabelgiji walipoanza mwaka 1937 kuwahamishia huko watu kutoka Rwanda kwa maelfu. Mtu anayesikia lugha na kutaja kabila, kisha akataja kabila na kutaja jeshi, amebandika viraka viwili juu ya tabaka moja na kudai amechunguza. Elimu ya lugha ikitumiwa hivyo ni hatari kuliko ujinga, kwa sababu inavaa koti la daktari. Tukiingia katika kazi hii, sharti tuingie tukiwa tumeapa kwamba lugha ni ushahidi wa mahali na wa njia ambayo maneno yamepitia, kamwe si cheti cha damu.

Walikale ilikwisha kutuonyesha

Kuhifadhi matabaka si wazo geni lililoletwa na programu. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, ambayo leo iko Walikale, fanani Shekarisi Rureke aliimba na kusimulia utendi wa Mwindo, na maneno yake yakaandikwa. Mwaka 1969 ulichapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, mwanaisimu ambaye ni Mnyanga na ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala.

Kitabu hicho kina tafsiri ya Kiingereza. Kina pia matini ya Kinyanga. Kina maelezo ya watafiti, yaliyotengwa na maneno ya fanani. Na jina la fanani limo. Msomaji asiyeiamini tafsiri anaweza kuifunua na kutazama Kinyanga kilicho chini yake. Asiyekubaliana na maelezo anaweza kuyaweka kando, na utendi ukabaki mzima. Kwa lugha ya studio, Biebuyck na Mateene walituachia faili la kazi lenye matabaka yote. Wangeweza kutupa JPEG, yaani hadithi tamu ya Kiingereza isiyo na mwenyewe, na leo tusingekuwa na njia ya kuwauliza swali hata moja.

Adabu hiyo ndiyo ninayoidai kwa picha. Nani alisema? Kwa lugha gani? Wapi, lini? Nani alitafsiri, nani aliongeza? Maswali tunayouliza kuhusu utendi wa Wanyanga hatuna sababu ya kuacha kuyauliza kuhusu maiti wa Wanyanga.

Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba wachunguzi wa habari tayari wapo. Ni kweli, na Congo Check wamefanya kazi ya kuheshimiwa ya kupima madai yanayozunguka nchini. Lakini wao ni wachache, nasi katika kitivo tuko mamia, tunatoka Osso, Bashali, Wanianga na Bakano, na tunazijua lugha za huko. Ofisi yoyote ya habari ingetuonea wivu.

Wengine watasema kwamba akili bandia imeumaliza mjadala: picha sasa hutungwa nzima bila kubandika chochote, hivyo hakuna matabaka ya kubandua. Mimi naona kinyume chake. Picha iliyotungwa na mashine haina mahali wala siku. Ili ifanye kazi Masisi, lazima mtu aipe jina la Masisi kwa maneno. Kadiri picha zinavyokuwa rahisi kutunga, ndivyo tabaka la maneno linavyobeba mzigo mkubwa zaidi.

Pingamizi la tatu ndilo zito. Je, tukiwafundisha watu kutilia shaka kila picha, hatutawapa wauaji pa kujificha? Atakayeonyeshwa maovu yake atasema tu: imebandikwa. Hofu hii ni ya haki, na historia ya Kongo ina jibu. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha mtu aitwaye Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Watetezi wa Mfalme Leopold walizipinga shutuma za wamisionari kwa miaka. Picha ile ilisimama kwa sababu tabaka lake la maneno lilikuwa imara: jina la baba, jina la binti, Boali, kijiji, mwaka, kampuni, shahidi. Kila kiraka kilikuwa kimetiwa nanga.

Kubandua, basi, hakumaanishi kukataa. Anayebandua hutazama kila tabaka na kusema lipi limeshika na lipi linaelea. Picha ya kweli hutoka kwenye uchunguzi huo ikiwa na nguvu zaidi, na aliyeumizwa hupata shahidi ambaye hawezi kufukuzwa kwa neno moja.

Tufanye nini

Napendekeza mambo matatu, yote yanawezekana bila kungoja fedha.

La kwanza, faharasa ndogo ya Kiswahili ya uhariri wa picha, ikusanywe na wanafunzi katika studio zinazotengeneza kadi za harusi, mabango ya matanga na kalenda. Tuandike kwanza maneno ambayo vijana wale wanayatumia, ya Kiswahili na ya Kifaransa, kisha ndipo tupendekeze. Tuna mfano mzuri: mwaka 2004 kundi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lilitoa OpenOffice kwa Kiswahili, likathibitisha kwamba kazi ya istilahi za kompyuta inaweza kufanywa na chuo cha Afrika Mashariki kwa mikono yake.

La pili, zoezi la kila wiki katika kozi ya tafsiri au ya semantiki. Picha moja iliyozunguka, jedwali la matabaka matano, na kanuni kwamba pasipojulikana paandikwe haijulikani. Mwanafunzi apewe alama kwa kuandika neno hilo mahali panapostahili. Katika mitihani yetu tumezoea kuadhibiwa kwa kutojua. Hapa kukubali mpaka wa ujuzi ndiyo kazi yenyewe.

La tatu ni kanuni yetu sisi wenyewe, katika jarida hili na katika makundi yetu ya simu. Tusitume picha ya vita bila kutaja mahali padogo kuliko territoire, siku, na aliyeitoa. Tusiandike wameua bila mtendaji. Kama mtendaji hajulikani, tuseme watu wameuawa na hatujui na nani. Sentensi hiyo ni ndefu kidogo na haina moto. Lakini haimtii nanga mtu asiyehusika.

Atakayeona kanuni hizi ni nzito aanze na moja tu kesho asubuhi: picha ya kwanza ya Masisi au Walikale itakayoingia kwenye simu yake, kabla hajaipeleka mbele, afunike maelezo kwa kidole, aitazame picha peke yake, na ajiulize ni maneno gani angeweza kuyaandika mwenyewe kwa uhakika. Yale yaliyobaki chini ya kidole ndiyo ya kubandua.